Rauta ya Chumbani

Fundi aliuliza rauta, kile kisanduku cha kugawa waifai, iwekwe wapi, na mume wangu akamjibu chumbani. Alijibu vivi hivi, bila hata kugeuka, kama mtu aliyeulizwa iwapo chai yake itiwe sukari. Mimi nilikuwa mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi, na nikajua pale pale kwamba tumeharibu mambo. Nilimvuta kando nikamwambia rauta iwekwe sebuleni. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ni kwa sababu ya baba yake. Akacheka. Ati waifai si mtu, haina macho, na ati tangu lini mtu wa ziwani akawa ndiye wa kumfundisha yeye mila za Wakisii.

Hilo la ziwani ni kweli. Nilizaliwa huko chini penye joto na samaki, nikaja huku Nyamira kufundisha Kiswahili, nikaolewa na mtu wa upande wa Sironga, na nikabaki. Baridi nimeizoea, ndizi nimezizoea, hata Ekegusii, yaani Kikisii chao, kimeniingia kidogo kidogo. Lakini jambo la kwanza nililofundishwa nilipofika, kabla sijajua hata kisima kilipo, ni kwamba baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Atafika uani, ataita, atapewa kiti nje, atakunywa chai yake hapo, na mlango hapiti. Mimi na yeye hatupeani mkono. Na chumba cha kulala ndicho kiini chenyewe cha marufuku, kwani hata dirisha lake halitazami, na akipita upande huo huzungukia mbali. Heshima hiyo wenyewe huiita chinsoni, nayo haiondoki eti kwa sababu watu wamenunua televisheni. Kwetu ziwani tuna zetu za namna hiyo, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Mume wangu alizaliwa ndani ya mambo haya lakini amekaa Nakuru kikazi miaka mingi, na mtu akikaa mbali huanza kuona mila za kwao kuwa ni mchezo wa wazee. Fundi naye alikuwa na sababu yake. Nguzo ya intaneti ilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa chumba chetu, na kutoboa ukuta huo kulimaliza kazi mapema. Alitoboa, akapitisha ule uzi wao mwembamba, akaikaza rauta juu ya kabati kwa skrubu, akatuonya tusiiguse hata kidogo kwa sababu uzi ule ukikunjwa tu unavunjika. Akanywa chai, akapanda pikipiki yake. Jumatatu mume wangu naye akarudi Nakuru, akaniachia rauta na baba yake.

Kinachochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba waifai yenyewe iliwekwa kwa ajili ya mzee huyo huyo. Alikuwa na binti, kitinda mimba wake, aliyekuwa Marekani akitunza wagonjwa. Aliondoka zamani, kabla mimi sijaolewa, na tangu hapo hakuwahi kurudi kwa sababu ya mambo ya karatasi. Mama yake alipofariki, mazishi aliyaona kwenye video iliyorekodiwa. Halafu ikaja habari kwamba ana uvimbe kichwani na madaktari wanataka kumpasua. Yeye mwenyewe alieleza kwa upole, akipunguza makali, lakini hatukuwa watoto. Alimtumia baba yake tableti kupitia mtu aliyekuwa akija likizo. Shuleni tunafundisha kwamba inaitwa kishikwambi, na mimi ndiye ninayefundisha, lakini nyumbani neno hilo lilikufa siku ya kwanza. Haikuwa na nafasi ya laini ya simu. Ilitaka waifai tu, na mtandao wa simu zetu huku hubeba sauti, picha hauziwezi.

Alichotaka mzee kilikuwa kimoja, na alinieleza mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti chake nje, akitazama majani chai badala ya kunitazama mimi.

"Sauti yake mimi nasikia miaka yote, mama. Mimi nataka uso. Mama yake alienda bila kuona huo uso."

Kiswahili chake ni cha kiwandani. Alikipata Kericho alipokuwa dereva wa lori la majani chai, na ndicho tunachozungumza mimi na yeye, kwa kuwa Ekegusii changu kinamchosha na Kijaluo changu hakitaki. Nilimwambia atauona, nikimaanisha hivyo. Sikuwa nimepima mambo.

Kumuunganisha hakukuwa kazi ya kitoto. Tulikuwa na stuli, na stuli hiyo ndiyo iliyokuwa katikati yetu. Yeye aliiweka tableti juu yake, akarudi nyuma. Mimi nikaja, nikafungua mipangilio, nikamwonyesha orodha ya mitandao, ambayo ilikuwa na mtandao mmoja tu, wetu. Nikaiweka, nikarudi nyuma. Yeye akaja kuandika paswadi. Hapo ndipo alipokasirika. Kidole cha mtu anayechuma chai kila siku huwa kigumu na cheusi kwa utomvu, na kioo kilikuwa hakikitambui. Alibonyeza, hakuna. Akakilamba kidole, akabonyeza, zikaandikika herufi mbili. Mume wangu naye alikuwa ametunga paswadi ndefu yenye herufi kubwa, ndogo na tarakimu, kana kwamba kuna mwizi wa waifai anayetuvizia kutoka Kenyenya. Mzee aliandika akakosea, akaandika tena akakosea. Alisema kwa Kikisii maneno ambayo sikufundishwa na mtu yeyote lakini niliyaelewa. Mwishowe aliniambia niandike mimi, na akageuka kutazama ng'ombe wakati nikiandika, ili asiseme kwamba ameshindwa.

Ikaungana. Ile alama ya waifai, mfano wa upepeo uliokunjuliwa, ikatokea juu ya kioo, na mistari yake. Sasa kukawa na tatizo jipya, kwamba mstari ulikuwa mmoja tu, na ukienda kwake, juu kidogo ya mteremko kupita migomba, haukuwepo kabisa.

Nikawa namtazama kutoka jikoni. Kila jioni baada ya kupeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia, alivua ule mtandio wa plastiki wanaovaa wachumaji kifuani, akanawa mikono, akaichukua tableti nyumbani kwake na kuanza kutembea nayo kwenye boma akiwa ameinama juu yake. Sabato hakuigusa mpaka jua lizame. Karibu na zizi alipata mstari mmoja. Chini ya mparachichi hakupata kitu. Kwenye tangi la maji ulikuja ukaenda. Barazani kwangu ulikuwepo, lakini picha ya binti ilikuja na kuganda, nusu ya uso na jicho moja limefumba. Nyumba yetu ni ndefu, ya mawe, na fundi alikuwa ameweka kitu kile kwenye pembe ya mwisho kabisa. Hata sebuleni mimi mwenyewe nilipata kwa kubahatisha. Palipokuwa na nguvu ni chumbani, na nje ya chumba, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha letu.

Naye alipagundua. Siku moja aliifuata mistari bila kuinua macho, akapita tangi, akapita kona ya nyumba, mistari ikizidi kujaa. Alisimama. Nadhani alifurahi, maana niliona bega lake likiinuka kidogo. Halafu akainua uso akaliona pazia letu la maua. Hakukimbia, mzee hakimbii, lakini alizunguka akaondoka kwa hatua ndefu na tableti ameibana kwapani, na siku iliyofuata alizungukia mbali kule kwenye ua wa migomba, ambako hakukuwa na kitu ila nyani wa kuiba ndizi. Hakuniambia lolote. Nisingetarajia aniambie. Angesema nini? Kwamba mtoto wake ameweka uso wa binti yake mahali ambapo yeye hawezi kusimama?

Nilimpigia mume wangu, nikamweleza. Akasema kumbe. Ndilo neno alilosema, kumbe. Nilitamani simu iwe na mkono. Alisema atampigia fundi aje aihamishe sebuleni, na alimpigia kweli. Fundi akasema kesho.

Kesho ya fundi huyo ilikuwa na mambo mengi. Kuna siku alikuwa Nyamarambe, kuna siku pikipiki ilikuwa na shida, kuna siku mvua ilimzuia, na huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo hiyo haikuwa sababu, ilikuwa hali ya hewa. Mimi nilimpigia mpaka akaacha kuitikia namba yangu. Nikatumia simu ya mwalimu mwenzangu, akaitikia, akanijua sauti, akaniita mama na kunihakikishia kesho. Sina chuki na vijana. Huyo nilimchukia kwa muda.

Wakati huo mambo ya Marekani yalikuwa yakisonga. Operesheni ilipangiwa Alhamisi. Mimi na mzee tulipatana kwamba Jumatano asubuhi atajiandaa, na Alhamisi mapema tutateremka Nyamira mjini, kwenye hoteli moja yenye waifai ya wateja, tununue chai na mandazi, tukae hapo mpaka binti aamke huko kwake, waonane vizuri kabla hajaingizwa. Alinyoosha shati lake jeupe la kanisani kwa pasi ya makaa. Aliniuliza kama binti ataona shati lote au kichwa tu. Nikamwambia ataona mpaka kifuani. Akaridhika.

Ilikuwa likizo ya Aprili, kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Jumatano hiyo, baada ya chakula cha mchana, simu yangu ilipata ujumbe. Nilikuwa nimekaa kitandani nikisahihisha insha. Ulikuwa wa binti. Mgonjwa mwingine alikuwa ameahirishwa, madaktari wamemsogeza yeye mbele, ni leo, wanakuja kumchukua muda si mrefu. Aliuliza kama baba yuko karibu.

Nilitoka mbio bila viatu. Mzee alikuwa kwenye chai, mbali, kichwa chake tu ndicho kilichoonekana juu ya majani. Nilimwita kwa sauti ambayo mkaza mwana hapaswi kumwitia baba mkwe, na akajua kuna jambo, maana alikuja na kikapu mgongoni bila kukitua. Nilimweleza nikiwa nimesimama mbali naye. Aliniuliza swali moja, kama tunaweza kufika mjini. Nilimwambia hatutafika. Akaenda kwake akaleta tableti. Shati jeupe hakulivaa. Alikuwa na ule mtandio wa plastiki, gumboti, na kofia ya sufu.

Nilimpigia fundi. Aliitikia, na nikamuuliza kama ninaweza kuifungua rauta mwenyewe kwa bisibisi niivute mpaka barazani. Alisema uzi haufiki, na nikiuvuta ukakatika leo hatutapata chochote, wala kesho. Hiyo kesho yake wakati huo niliiamini. Nikakata simu.

Mvua ilikuwa imeshaanza, matone makubwa kwanza, halafu yote kwa pamoja. Mzee alisimama kwenye ukingo wa baraza, tableti iko kwenye stuli. Tulipiga. Binti alitokea, akaganda mdomo ukiwa wazi. Sauti ilikatika, ikarudi, ikakatika. Mabati yalikuwa yakipiga kelele hivi kwamba hata ingekuja nzima tusingeisikia. Mzee aliinama mpaka kofia yake karibu iguse kioo. Nilimwona akikitazama kile kipande cha uso kilichoganda, nami nikahisi hasira ikinipanda hadi shingoni, hasira kwa mume wangu, kwa fundi, kwa ukuta wa mawe, na kwa wazee wote waliokufa zamani wakatuachia sheria zao bila kutuachia namna ya kuzilegeza.

Basi nikasema. Nilisema nikiwa nimetazama sakafu. Nilimwambia kwamba nyuma ya nyumba inashika vizuri, kwamba mimi naweza kuishika tableti dirishani kwa ndani na yeye akasimama kwa nje. Sikutaja ni dirisha gani. Mzee akajinyoosha, akashuka ngazi, akaingia kwenye mvua. Sikujua kama anaenda kwake au anaenda wapi. Alipofika kona, alikata upande wa nyuma.

Nilinyakua tableti nikapita ndani. Nilipoingia tu chumbani mistari ilijaa, na uso wa binti ukaja wote, wazi kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili. Alikuwa amevaa gauni la hospitali na kofia ya kitambaa. Aliniona mimi, akaniita mke wa kaka, akaniuliza baba yuko wapi. Nikamwambia ngoja.

Nilisogeza pazia kidogo nikachungulia. Mzee alikuwa amesimama kwenye matope kati ya dirisha na migomba, na alikuwa ametupa mgongo. Maji yalikuwa yanateremka kwenye ile plastiki. Alikuwa amefika mahali pale na kuishia hapo. Kugeuka, hakuweza.

Nilielewa alichokuwa anaogopa kuona. Haikuwa dirisha. Ilikuwa kitanda cha mwanawe, na mimi ndani ya chumba hicho. Nikafungua kioo cha dirisha kwa nje, mvua ikanipiga usoni. Nikaingia kati ya pazia na ukuta, nikalivuta pazia nyuma yangu likafunika chumba chote, halafu nikachuchumaa chini ya dirisha, kichwa changu kikiwa chini ya kizingiti, nikainua mikono yote miwili nikaikandamiza tableti kwenye vyuma vya dirisha, kioo kikitazama nje. Kutoka kule alikosimama hakungeonekana mwanamke wala kitanda. Labda vidole vyangu.

"Baba," nikamwambia kwa nguvu ili mvua isinimeze, "hapa hakuna mtu. Ni mtoto wako tu."

Nilisikia maji, mabati, na kuku wa jirani. Mikono ilishaanza kuniuma. Nilifikiri ameondoka, na nikafikiri sitamlaumu. Kisha nikasikia gumboti zikichomoka matopeni, moja, halafu nyingine, na sauti ya binti juu ya kichwa changu ikasema, "Tata." Ndivyo wanavyomwita baba huku. Alilisema polepole, halafu akalia.

Waliongea Kikisii. Sikukipata chote, na nisingetaka kukipata chote. Mzee alimwuliza kama amekula. Binti alieleza kwamba hairuhusiwi kula kabla ya kupasuliwa, na hilo lilimsumbua mzee kuliko habari ya kisu, akarudia kuuliza, hata uji? Alimwambia ng'ombe amezaa ndama jike. Alimwambia maparachichi mwaka huu yamekuwa mengi mpaka yanaoza chini. Kisha kulikuwa na kimya, na nikadhani picha imeganda, nikataka kulia kwa hasira. Lakini mzee alikuwa anamtazama. Alimwomba binti avue ile kofia ya hospitali. Nadhani aliivua, kwa sababu mzee alitoa pumzi ndefu, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake akamwambia kwamba hata bila nywele ni mama yake mtupu. Hilo nililielewa neno kwa neno.

Halafu akaomba. Maombi ya mzee kanisani huwa marefu mpaka watoto wanalala, na haya yalikuwa mafupi. Sijui ni kwa sababu ya mvua au ni kwa sababu hakuwa na mengi ya kumwambia Mungu siku hiyo zaidi ya lile moja. Maji yalikuwa yakiingia kwenye mikono ya gauni langu yakifika mpaka kwapani, na mabega yalikuwa yakitetemeka, na nilikuwa na hofu moja tu, umeme usipotee. Kukipiga radi huku kwetu stima hupotea bila kuaga. Haikupotea. Waliowakatisha ni watu waliokuja kumchukua binti. Nilimsikia akisema kwa Kiingereza naomba dakika moja, akasema tena tata, na simu ikakatika.

Sikushusha mikono mara moja. Sikuinuka pia, kwa sababu kama ningeinuka angeniona dirishani, na kila kitu tulichokuwa tumekichunga kingeharibika mwishoni. Nilibaki nimechuchumaa nimelowa, nikisubiri. Alikaa pale muda. Kisha gumboti zikaondoka, na kutoka kwenye kona ya nyumba nikasikia akisema asante, mama, kama mtu anayeshukuru kwa kikombe cha chai.

Hakuamka, yule binti. Habari zilimfikia mume wangu Nakuru kwanza, naye akanipigia, na tukapatana kwamba ataondoka Nakuru saa ile ile ili amwambie baba yake mwenyewe, ana kwa ana. Nilimtazama mzee akichuma chai siku nzima bila kujua. Hiyo ndiyo siku mbaya zaidi niliyowahi kuishi katika boma lile. Niliinamia karai la kuosha nguo nikalia. Binti huyo nilikuwa nimemwona kwenye kioo tu, na nikamlilia kama ndugu wa tumbo moja.

Fundi alikuja. Usiniulize nani alimwambia. Alifika wiki hiyo ya msiba, akiwa mpole, na mkoba wake wa vyuma, akaitoa rauta chumbani na kuiweka sebuleni, na kazi yote haikumaliza muda wa kupika chai. Uzi mpya aliuzungushia nje ya ukuta. Alituachia tundu juu ya kabati, akasema atakuja kuliziba kesho. Hasira yangu kwake ilikuwa imechoka kama mimi.

Mwili uliletwa baadaye, na tulimzika kando ya mama yake. Lakini wageni walianza kuja kabla. Uani kulijaa viti vya plastiki vya kukodi, na kwa kuwa rauta sasa ilikuwa sebuleni, vijana wote walikaa upande wa baraza na simu zao. Wazee wakakaa upande wa nyuma, kwenye kivuli cha migomba, kwa sababu hapo ndipo jua halifiki. Nilikuwa nikipita na birika la chai.

Kulikuwa na kaka wa marehemu mama mkwe, mzee mwenye fimbo, mtu wa maneno ya taratibu na mila zote ziko kichwani mwake. Alimwambia baba mkwe kwamba amepata uchungu mara mbili, kwa sababu mke alienda bila kumwona mtoto, na sasa mtoto ameenda bila yeye kumwona. Alisema kwa huruma ya kweli. Wengine wakatikisa vichwa. Wote walijua hadithi ya tableti, kwamba ililetwa na kwamba haikushika.

Baba mkwe alitua kikombe chake chini, penye nyasi. Kisha akainua mkono, ule wenye kidole cheusi ambacho kioo kilikikataa, akanyoosha mbele ya wazee wote kuelekea dirisha la chumba chetu, penye pazia la maua.

"Nilimwona," akasema kwa Ekegusii, na kufikia wakati huo nilikuwa nakielewa vya kutosha. "Pale. Nilimwona vizuri."

Yule mzee wa fimbo alilitazama dirisha, akanitazama mimi na birika langu, akayashusha macho kwenye matope chini ya dirisha. Halafu akanisogezea kikombe chake, akaniomba nimwongezee chai.